Sauti ya Mlango wa Tano

Nyumba tuliyokaa ilikuwa moja, lakini ilikuwa na milango minane. Kampuni ya madini ndiyo iliyoijenga, upande wa Walikale, kwenye njia ya kwenda Omate. Ilikuwa ya matofali ya kuchoma na mabati, ndefu kama ghala. Kila mlango ulikuwa na vyumba viwili na jiko dogo nyuma. Mbele kulikuwa na kiwanja kimoja cha wote, na katikati ya kiwanja robine moja ya maji yaliyoteremka kwa bomba kutoka mlimani.

Mimi si mtu wa msitu. Nilizaliwa Muheto, kwenye vilima vya Masisi, kwa watu wanaolima maharagi na kuvaa makoti asubuhi. Niliolewa na seremala wa kulekule Muheto. Kampuni ilimchukua kazini, nikamfuata. Mwaka wa kwanza nililalamikia joto na mvua. Mwaka wa pili nilinyamaza, na mwaka wa tatu nilikuwa na shamba langu la mihogo nyuma ya kambi na binti wawili ambao hawakujua baridi ni nini.

Uhuru ulipokuja, wakubwa wa kampuni walianza kuondoka mmoja mmoja. Kabla hajaondoka, direktere aliwaita wafanyakazi wanane wa nyumba yetu akawapa karatasi. Sijui kwa nini alifanya hivyo. Wengine walisema ni wema, wengine walisema hakutaka kuwalipia safari ya kurudi kwao. Karatasi ilikuwa ya Kifaransa, kurasa mbili, na kila mlango ulipata kopi yake. Ilisema kwamba tangu siku hiyo kila mtu ni mwenye mlango wake, lakini paa, kuta za katikati, robine na kiwanja ni vya wote pamoja, na wote watavitunza kwa komite. Mlango mmoja utakuwa na sauti moja. Mambo ya kawaida yatapita kwa sauti nyingi, lakini mtu asiguse paa mpaka sauti sita kati ya nane zikubali.

Bwana yangu alinieleza sababu ya hizo sita. Paa lilibebwa na boriti moja ndefu iliyotoka mlango wa kwanza mpaka wa nane. Ilikuwa mbao nyingi zilizoungwa, lakini zote zilishikana. Ukikata upande mmoja bila kujua, wenzako wa upande mwingine wanaamka wakiona mawingu. Yeye mwenyewe alikuwa ameziunga, nami nilimshikia taa na misumari siku alipozikaza upya.

Alifariki miaka miwili hivi baada ya uhuru. Homa ilimshika Jumatatu, na Ijumaa tukamzika. Ndugu yake mkubwa, shemeji yangu, alishuka kutoka Muheto kwa mazishi akakaa wiki moja. Alikuwa mtu mpole, mwenye bibi yake na watoto wake, na hakutaka kunirithi. Hilo alilisema wazi mbele ya watu na mimi nilimshukuru. Siku ya kuondoka aliniomba ile karatasi ya nyumba.

“Acha niiweke mimi, shemeji,” alisema. “Hapa watu ni wengi, karatasi inaweza kupotea.”

Nilimpa. Sikuona ubaya.

Prezida wa komite yetu alikaa mlango wa kwanza. Zamani alikuwa mtunza ghala wa kampuni, mtu wa mwandiko mzuri, aliyezoea kuona vitu vimepangwa. Baada ya miezi michache aliita mkutano akaeleza kwamba anataka kuinua paa juu ya mlango wake, auongeze na kuufanya duka. Nilikwenda na kigoda changu nikakaa na wengine. Alipofika kwenye kuhesabu sauti, aliita mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, kisha akaita wa sita.

Nilidhani amekosea. “Papa prezida,” nikasema, “umeruka mulango yangu.”

Alinitazama bila hasira. “Mama, sikuiruka. Mulango ya tano haina muntu wa kusema. Mwenye mulango alikufa. Tunangoja ndugu yake.”

Siku ile alipata sauti tano. Mlango wa pili, kwa mzee mmoja aliyekuwa kapita, msimamizi wa wachimbaji, walikataa. Mlango wa saba, kwa infirmie, muuguzi wa dispansari, walikataa pia. Ikawa tano kwa mbili, na mlango wangu katikati, umefungwa mdomo. Prezida alisema atamwandikia shemeji yangu barua. Prezida alipokuwa akikunja karatasi zake, kapita aliniinamia akaniambia polepole, “Sasa umeona. Sauti ya sita anakwenda kuitafuta Muheto.”

Nilirudi ndani nikapika. Sitasema nililia. Nilikuwa na aibu zaidi kuliko huzuni, kama mtu aliyeingia kanisani akaambiwa mbele ya wote kwamba benchi si lake. Kesho yake nilimwomba kapita anionyeshe kopi yake ya karatasi. Nilikuwa nimesoma kwa masista mpaka mwaka wa nne, Kifaransa changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini nilikaa nayo kwenye baraza lake asubuhi nzima. Ilisema sauti ya mlango ni ya mkubwa wa nyumba. Niliipindua nikatafuta mahali inaposema mkubwa wa nyumba ni nani mume akifa. Hapakuwa na mahali hapo.

Nikaamua kwenda ofisi ya teritware, ya serikali, kule Walikale. Binti zangu niliwaacha kwa bibi ya infirmie. Nilitembea na mama mmoja aliyekuwa akipeleka mafuta ya mawese sokoni. Tulilala njiani kwa watu wa kanisa lake, na siku ya pili tukafika. Pale ofisini nilingoja mpaka adhuhuri kwenye benchi, na kopi ya kapita kifuani, ndani ya kitambaa.

Ajenti aliyenipokea alikuwa kijana mwenye tai. Alisoma kurasa zote mbili mara mbili. Nilipenda hivyo alivyosoma, hakuharakisha.

“Mama, hii karatasi iko ya kweli,” alisema. “Lakini nikikuambia kwamba inasema sauti iko yako, nitaongopa. Na nikisema iko ya shemeji yako, nitaongopa vilevile. Haisemi.”

“Sasa nani atasema?”

“Komite yenu. Inatoka kwenu, ni nyinyi munajua mulitaka nini. Wakae, waseme kwa sauti nyingi, waandike.”

“Komite njo ilinikatalia.”

“Prezida njo alikukatalia. Hawakupiga kura juu ya jambo hilo. Ao walipiga?”

Nilifikiri. Hawakupiga. Yule kijana akaandika barua fupi akaigonga muhuri: kwamba swali la nani ni mkubwa wa nyumba katika mlango wa tano liamuliwe na komite nzima, mbele ya watu wanaohusika wote, na kwamba paa lisiguswe kabla ya hapo. Nilirudi nayo. Njiani nilijaribu kufurahi nikashindwa, maana nilikuwa nimetembea mbali hivyo kwenda kuuliza swali, na swali lenyewe nilikuwa narudi nalo nyumbani.

Prezida alisoma barua akaheshimu muhuri. Hilo lazima niliseme, alikuwa mtu wa karatasi na karatasi ilimshika. Mkutano ukawekwa Jumapili baada ya misa, shemeji yangu akiwa ameshafika. Alilala kwangu, nikampikia sombe ya majani ya mihogo na samaki, tukaongea habari za mavuno. Hatukugusa neno la mkutano hata kidogo. Asubuhi tulikwenda kanisani pamoja, yeye mbele, mimi na binti zangu nyuma.

Kiwanjani watu walikaa kuzunguka robine. Wanaume wanane mbele, nikihesabu na shemeji yangu, na wanawake nyuma yao mbele ya milango. Mimi niliweka kigoda changu pembeni, si mbele wala nyuma.

Prezida alianza. “Tuko na barua ya teritware. Inasema tuamue. Shemeji ya mama, sema kwanza.”

Shemeji yangu alisimama, akavua kofia. Alitoa ile kopi yangu mfukoni, bado imekunjwa nilivyoikunja mimi. “Ndugu yangu alipata mulango huu kwa jasho yake,” alisema. “Kwetu, muntu akifa, vitu vyake vinarudi kwa ukoo. Simufukuzi huyu mama. Akae, alime, alee watoto wa ndugu yangu mpaka Mungu atakapotaka. Lakini neno, neno iko ya ukoo. Njo hivyo tu.”

Wengi walitikisa vichwa kukubali. Lilikuwa neno la kueleweka, na hakulisema kwa ubaya.

“Na wewe, mama?”

Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani. Nikasimama, nikakumbuka machache tu. “Mimi sina ugomvi na shemeji,” nilisema. “Lakini karatasi haikuandika ukoo. Iliandika mulango. Kila Jumamosi komite inasema milango yote itoe muntu wa kufagia kiwanja na kuzibua mufereji. Mulango ya tano inatoa mimi. Hamujaniambia hata siku moja ningoje ndugu atoke Muheto kufagia.”

Bibi mmoja nyuma alicheka, akanyamaza haraka.

Kisha prezida akasema tupige kura, na hapo ndipo mambo yalipokwama, maana kapita aliinua mkono akauliza, “Tunapiga kura wangapi?”

“Saba,” prezida alisema. “Mulango ya tano njo tunaiongelea, haiwezi kupiga.”

“Sawa. Na shemeji?”

“Hata yeye hapana.”

“Kwa nini alikaa mbele, basi?”

Shemeji yangu mwenyewe ndiye aliyenyanyua kiti chake akakisogeza pembeni, karibu na kigoda changu. Tukakaa hivyo, yeye na mimi, kama watu wawili wanaongoja gari moja, tukitazama wale saba.

Prezida aliuliza nani anakubali kwamba mkubwa wa nyumba katika mlango wa tano ni mimi. Kapita aliinua mkono kabla swali halijaisha. Infirmie akafuata. Kisha hakuna. Niliwatazama wa mlango wa tatu na wa nne, walikuwa wamekunja mikono. Katekista wetu alikaa mlango wa sita, naye alikuwa miongoni mwa waliotaka duka lijengwe. Mwisho akainua mkono, si juu sana, mpaka usawa wa sikio, akasema, “Mimi nilisoma juu ya wajane mbele ya watu leo asubuhi. Siwezi kukunja mukono saa hii.”

Ikawa tatu. Prezida, wa tatu na wa nne hawakuinua. Walikuwa watatu pia. Alibaki mtu wa mlango wa nane.

Huyu alikuwa ameendesha mashine ya kutoboa mwamba kwa miaka mingi. Kifua chake kilijaa vumbi la mawe, akikohoa tulimsikia mpaka mlango wa pili. Kila mara alikuwa amesema ndiyo kwa prezida, maana prezida alimsaidia kuandika barua zake. Watu walimgeukia. Akakohoa kwanza, akafuta mdomo.

“Papa prezida,” alisema, “wewe uko rafiki yangu. Lakini mimi niko nakwenda. Infirmie anajua, wote munajua. Nikisema leo kwamba mama huyu hana sauti, siku nikikwisha kufa nitakuwa nilimufungia bibi yangu mulango.”

Akainua mkono. Nyuma yake bibi yake alikuwa amesimama kwenye mlango wao na sufuria mkononi. Aliingia ndani, nikasikia sufuria imewekwa chini.

Nne kwa tatu. Katekista aliandika katika daftari la komite, wote wakatia sahihi au kidole. Mimi pia nilitia sahihi, mara ya kwanza, jina langu lote.

Prezida alianza kukusanya karatasi. Alikuwa amehesabu kwamba mimi nitakataa, na kama mimi nitakataa, duka limekufa. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyechoka tu. Nikamwambia, “Papa, jambo ya paa haijaisha. Iulize.”

“Leo?”

“Leo. Watu wote wako hapa.”

Aliuliza kwa sauti ndogo. Wakakubali walewale watano, kapita na infirmie wakakataa kama mwanzo, na ikafika zamu yangu.

Ukweli ni huu: mimi sikuwahi kulikataa lile duka. Chumvi na sabuni tulizifuata mbali, na mvua ikinyesha zilirudi zimelowa. Nililitaka duka labda kuliko hata wale wa mlango wa tatu. Lakini hakuna aliyekuja kuniuliza, wote walidhani wanajua.

“Mimi nakubali,” nilisema. “Lakini muandike kwamba boriti haitakatwa mpaka nguzo mupya isimame kwenye ukuta, kati ya mulango ya kwanza na ya pili. Bwana yangu aliunga boriti pale pale. Ukikata bila nguzo, paa yote itateremuka upande wa kapita.”

Kapita aliruka. “Unakubali? Baada ya mimi kukusaidia?”

“Ulinisaidia nipate sauti, Papa. Hukusema sauti iwe yako.”

Hilo halikumfurahisha, na sidhani nililisema kwa adabu ya kutosha. Prezida aliandika sharti la nguzo kwa ule mwandiko wake mzuri, kisha akaweka kalamu chini.

“Mama, juu ya nini hukuniambia tangu mwanzo kwamba unakubali?”

“Juu ya nini hukuniuliza?”

“Nilizoea kuongea na bwana yako,” alisema, na mpaka leo naamini kwamba hiyo ilikuwa sababu yake yote.

Shemeji yangu aliondoka kesho yake asubuhi. Mlangoni alinipa karatasi. “Shika,” alisema. “Uko na mulango yako. Lakini lile shamba ya ndugu yangu kule Muheto, usilifikirie tena. Lile iko ya ukoo, na kule hakuna komite.” Hakupaza sauti. Aliwabariki binti zangu kwa kuwagusa vichwa, akaenda zake. Lilikuwa shamba zuri, la udongo mweusi, nililolima mwaka wangu wa kwanza wa ndoa. Nilijua nimelipoteza, na sikuweza kumwambia mtu yeyote kiwanjani, maana wote walikuwa wakinipongeza.

Nguzo ilisimamishwa, boriti ikakatwa, duka likajengwa. Paa halikuanguka. Pale lilipoungwa upya lilivuja juu ya kitanda cha kapita msimu mzima wa mvua, naye kila tone alilileta kwangu. Prezida aliliziba mara nne. Kapita alianza kunisalimia tena mabati yalipokauka, bila kueleza, nami sikumwuliza.

Mtu wa mlango wa nane alifariki kabla ya mwaka kuisha. Mkutano uliofuata, bibi yake alitoka na kiti akakiweka mstari wa mbele, amevaa kitambaa cheusi, na prezida alipohesabu aliita “mulango ya nane” kama alivyoita mingine. Hakuna aliyegeuka kumtazama.

Muheto nilirudi baada ya misimu miwili ya kupanda, mama mkwe alipofariki. Nilipanda kilima na binti zangu, tumejifunga mashuka kwa baridi. Baada ya mazishi, wanawake walikwenda kupalilia, na shemeji yangu akanipa jembe kama alivyowapa wengine, akanionyesha mstari wangu. Ulikuwa ndani ya lile shamba. Nilipalilia mpaka mwisho wa mstari, nikarudisha jembe. Alilipokea akaniuliza kama maji ya robine bado yanatoka. Nilisema yanatoka.

Baadaye waliniomba niwe sekretere wa komite, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandika ile karatasi upya kwa Kiswahili, ili kila mtu aielewe. Tuliisoma kifungu kwa kifungu kiwanjani, Jumapili tatu. Mahali pa mkubwa wa nyumba tuliandika kwamba ni mtu anayekaa ndani ya mlango, mume au mke, na hakuna aliyebisha. Nilidhani hapo ndipo tungegombana. Tuligombana juu ya nguruwe. Mama wa mlango wa nane alikuwa amewafunga nguruwe wawili karibu na robine, akisema kiwanja ni cha wote na yeye ni mmoja wa wote. Nilipiga kura waondolewe. Alikuwa rafiki yangu wa karibu kuliko wote pale kambini, na kwa mwezi mzima hakuniitikia salamu.